Maana ya Kuangalia Hali Halisi



Yako maneno ambayo mtu akiyatamka katika kikao, mazungumzo huwa yamekwisha. Mojawapo ni hili: "Ndugu zangu, tuangalie hali halisi." Nimelisikia katika halmashauri ya parishi tulipokuwa tukijadili paa la kanisa. Nimelisikia shuleni kwa miaka mingi. Nimelisikia nyumbani kwangu, tena kinywani mwangu mwenyewe, siku binti yangu alipotaka kwenda kusoma mbali. Anayelisema huonekana ni mtu mzima mwenye akili, na wengine wote huonekana ni watoto wanaoota mchana. Mara nyingi maana yake ni fupi tu: fedha hakuna, acheni. Au, watu hawabadiliki, acheni. Sikumbuki hata mara moja mtu aliyesema "tuangalie hali halisi" kisha akatuonyesha jambo jema ambalo tulikuwa hatujaliona.

Sisemi kwamba neno hilo ni baya siku zote. Kwaya walipotaka kununua basi, aliyewarudisha kwenye hali halisi alikuwa na haki, na nadhani basi lile lingetumaliza. Lakini lile paa tuliliezeka mwaka ule ule. Akina mama wa Umoja walikuwa wameweka akiba, na hakuna mzee hata mmoja katika kikao aliyekuwa ameuliza.

Basi mtu wa hali halisi ni nani hasa? Wanaochora na wanaoandika hadithi nao wana neno lao, uhalisia, nao wameligombania kwa muda wa miaka 170 na zaidi. Nadhani ugomvi wao unaweza kutusaidia sisi tusiochora kitu. Ila kwanza nieleze jambo lililonitia katika mawazo haya, maana sikuyapata kitabuni. Niliyapata msibani.

Kwa miaka zaidi ya 30 watu wa parishi yetu wamekuwa wakinijia mimi kuwaandikia wasifu wa marehemu. Sikuchaguliwa na kikao chochote. Nilikuwa mwalimu, nina mwandiko unaosomeka, na msiba ukitokea usiku wa manane mtu anayejua kalamu yake iko wapi ana thamani kubwa. Nimeandika kwa mwanga wa kibatari, na siku hizi naandika huku mjukuu akinimulikia kwa simu. Umbo la wasifu mnalijua. Alizaliwa mwaka fulani, akiwa mtoto wa ngapi kati ya wangapi. Alibatizwa, akasoma hadi darasa fulani, akafanya kazi mahali fulani, akafunga ndoa takatifu. Kisha alianza kuugua. Alikuwa mcheshi, mpenda watu, mwenye bidii katika kazi za kanisa. Ameacha mjane, watoto kadhaa na wajukuu kadhaa. Nimewahi kuandika "mcheshi" kwa watu ambao sikuwaona wakicheka hata siku moja.

Miaka kadhaa iliyopita alifariki seremala mmoja, jirani yangu. Mjane wake ameniruhusu kuandika haya, na binti nitakayemtaja ameniruhusu pia. Majina nayaacha. Nusu ya mabenchi tunayokalia kanisani ni kazi ya mikono yake, na baadhi hakulipwa. Alikuwa fundi kwelikweli. Tena alikunywa mnazi kuliko alivyokula chakula, na kabla ya kufunga ndoa alizaa mtoto wa kike na mama mmoja wa kijiji cha pili. Mtoto huyo hakumkana wala hakumpokea. Watu walijua. Binti mwenyewe alikuwa na paji la uso la baba yake na vidole vile vile virefu, hata kama asingeambiwa na mtu angejua kwa kujitazama katika kioo.

Usiku wa msiba tulikaa chini ya turubai, mimi na kaka mkubwa wa marehemu, nikiuliza naye akijibu. Tukafika mahali pa kuandika idadi ya watoto. Nikamwuliza, "Mzee, niandike wanne au watano?"

Akavuta kiti karibu, akapunguza sauti. "Mwalimu, tuangalie hali halisi. Watu wamekuja kuzika, hawakuja kusikiliza kesi. Mjane yuko ndani analia. Unataka kumwongezea msiba juu ya msiba? Andika wanne."

Nikaandika wanne. Sitaki kusema kwamba nililazimishwa. Niliona ana busara, na nikajiona mimi nami ninayo.

Kesho yake wasifu ukasomwa. Yule binti, aliyekuwa amekwisha kuwa mama wa watoto 2, alisimama nyuma penye mwembe pamoja na mama yake. Watoto wa marehemu walipoitwa kuweka shada la maua, waliitwa 4. Baada ya mazishi, watu wakinawa mikono, akanijia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Ile karatasi, naweza kuiona?"

Nikampa. Aliisoma yote, polepole, kidole kikifuata mistari kama nilivyokuwa nikiwafundisha darasa la kwanza, maana yeye nilimfundisha mimi. Kidole kikafika penye ile idadi, kikakaa hapo kidogo. Akaikunja karatasi katika mikunjo yake ile ile, akanirudishia. "Umeandika vizuri, Mwalimu," akasema, akaenda zake.

Sikulala vizuri usiku ule, wala ule uliofuata.

Wiki chache baadaye mjukuu wangu anayesoma chuo alinionyesha picha katika simu yake. Alikuwa na mtihani wa historia ya sanaa, naye alitaka mtu wa kumsikiliza. "Babu," akaniambia, "tazama, hata Wazungu huenda mazishini na mbwa." Nikavaa miwani. Tangu siku hiyo nimeitafuta picha hiyo mara nyingi na kusoma habari zake kila nilipoweza.

Ilichorwa Ufaransa mwaka 1849 na 1850 na Gustave Courbet, aliyezaliwa mwaka 1819 katika mji mdogo wa Ornans, upande wa mashariki karibu na Uswisi. Inaitwa Mazishi huko Ornans. Siku hizi iko Paris, katika jumba la makumbusho la Orsay. Ni kubwa mno: upana wake unapita mita 6, na kimo chake kinapita mita 3. Ndani yake mna watu zaidi ya 40, karibu wote kwa kimo cha mtu hasa. Padre anasoma kitabu chake. Watumishi wawili wa kanisa wamevaa majoho mekundu, na pua zao nazo ni nyekundu, nadhani hamhitaji kuelezwa kwa nini. Mchimba kaburi amepiga goti moja, anangoja wengine wamalize ili naye amalize. Yuko meya wa mji. Wako akina mama wenye vitambaa machoni, na wako watu wanaotazama kando tu, kama tufanyavyo sote mazishini jua likizidi. Yuko na yule mbwa. Hakuna malaika, wala mbingu hazikufunguka, na picha haituambii ni nani anayezikwa. Kaburi lenyewe limewekwa chini kabisa, mbele, nalo limekatwa na ukingo wa picha, hata wewe unayetazama unajiona umesimama mdomoni mwake.

Watu hao hawakubuniwa. Ni wakazi wa Ornans wenyewe, waliomjia Courbet katika chumba chake cha kazi akawachora mmoja baada ya mwingine, na miongoni mwao wamo mama yake mzazi na dada zake. Kabla ya kuipeleka mbali aliionyesha hapo hapo Ornans. Nawaza siku ile ilivyokuwa: kila mtu akijitafuta, na yule asiyejiona akiuliza kwa nini yeye hayumo.

Picha ilipofika katika maonyesho makubwa ya Paris, yaliyofunguliwa siku za mwisho za mwaka 1850, wakubwa wengi wa sanaa waliichukia. Msomaji atashangaa, mazishi yana nini cha kuchukiza? Shida ilikuwa ukubwa. Siku zile picha ya kimo hicho ilikuwa mali ya wafalme, na vita mashuhuri, na watakatifu, na miungu ya Wagiriki. Wanakijiji waliweza kuchorwa, naam, lakini katika picha ndogo ya kutundikwa sebuleni, wakicheza ngoma au wakinywa, ili bwana wa mjini atabasamu kidogo kabla ya chakula. Courbet alichukua nafasi ya wafalme akawapa wakulima, mafundi na mchimba kaburi. Wakosoaji wakalalamika kwamba watu hao ni wabaya wa sura. Sijasoma popote kwamba mmoja wao alisema hawapo.

Mwaka ule ule wa 1849 Courbet alichora pia wavunja mawe wawili, mzee na kijana, aliowakuta kando ya barabara wakiponda kokoto. Nguo zimewachanika, na nyuso zao hazionekani, mzee kwa sababu ya kofia na kijana kwa sababu ametupa kisogo. Sisi tunaopita kila siku mbele ya akina mama wanaoponda kokoto kandokando ya barabara hatuhitaji mwalimu wa kutufasiria. Picha hiyo haipo tena, iliteketea mwaka 1945 karibu na Dresden, Ujerumani, katika vita. Na mwaka 1855, baadhi ya kazi zake zilipokataliwa katika maonyesho ya mataifa, Mazishi yakiwa mojawapo, alijijengea banda lake mwenyewe jirani na maonyesho hayo akalipa jina la Uhalisia. Hata hivyo alieleza kwamba jina la mhalisia hakujichagulia, alibandikwa na watu. Huenda ndivyo ilivyo kwa majina yote ya namna hiyo. Mtu anayejiita mwenyewe mtu wa hali halisi, mchunguze mara mbili.

Husimuliwa kwamba aliombwa achore malaika, naye akajibu kwamba malaika hajamwona bado, aonyeshwe mmoja atamchora. Baadhi ya ndugu nilipowaambia habari hii walikasirika, na ni kweli Courbet hakuwa rafiki wa mapadre. Mimi sikukasirika. Katika Mazishi msalaba umeinuliwa juu ya vichwa vyote, peke yake mbele ya anga, kwa sababu siku ya mazishi ndivyo msalaba ulivyobebwa, naye aliuona. Machozi ya wale akina mama aliyaona pia, na hakuyapunguza ili aonekane mwanamume shupavu. Kukataa kuchora usichokiona si kusema kwamba hakipo. Ni kukataa kukibuni tu.

Jambo lililonishika lilikuwa jingine. Nilijiuliza: huyu Courbet angepata mshauri kama niliyempata mimi chini ya turubai, nani angeondolewa kwanza? Pua nyekundu zingepakwa rangi nyingine. Mbwa angefukuzwa. Mchimba kaburi angeambiwa asubiri nyuma ya ukuta. Picha ingebaki nzuri, yenye heshima, na kila mtu aliyebaki ndani yake angekuwa ni mtu wa kweli aliyehudhuria kweli. Hapo ndipo nilipoielewa karatasi yangu. Katika wasifu wangu hamkuwa na neno hata moja la uongo. Wale wanne ni watoto wake, na mabenchi ni yake, na ndoa ni yake. Uongo haukuwa katika maneno. Ulikuwa katika nafasi iliyoachwa wazi, nayo ilikuwa na upana wa mtu mmoja.

Msomaji mwenye haraka ataniuliza, "Kwa hiyo, Mwalimu, ungeandika na mnazi?" Swali zuri, na nimelihangaikia. Wako watu wanaodhani uhalisia ni kutoa nje kila kilichooza. Mtu anasimama makaburini, jeneza halijashushwa, anatangaza madeni ya marehemu na kusema yeye hapendi unafiki. Huyo naye amechagua. Amechukua madeni na kuacha mabenchi. Haiwezekani kusema yote; hata picha ya mita 6 ina ukingo. Kila anayesimulia anaacha jambo. Lazima basi aulizwe anaacha nini, na kwa faida ya nani. Mnazi wa seremala ulimwumiza yeye na nyumba yake, na waliokuwa nyumbani waliujua bila kusomewa. Kuunyamazia siku moja hakukumwondoa mtu yeyote duniani. Kumnyamazia binti kulimwondoa binti. Naona hapo pana tofauti kubwa, ingawa nakiri kwamba mtu mwingine angeweza kuukata mpaka mahali pengine.

Nilipokuwa chuo cha ualimu, katika miaka ya 1970, tulikuwa tukipokezana kitabu kilichofungwa gazeti ili jalada lisionekane. Kilikuwa Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, kilichotoka mwaka 1971. Wengi wenu mnakijua. Ni habari za msichana wa Ukerewe ambaye baba yake, mlevi, alimlea kwa ukali mno. Akafika chuo cha ualimu asijue namna ya kujichunga, akapotea, na mwisho wake ni wa kusikitisha. Kitabu kilipigwa marufuku mashuleni kwa muda, kisha baadaye kikaruhusiwa kusomwa na wanafunzi. Nakumbuka mabishano yetu bwenini, na mabishano ya walimu wetu tuliyoyasikia dirishani. Wote waliokipinga walisema hakifai. Sikumsikia hata mmoja akisema si kweli. Tulijua akina Rosa kwa majina yao, wengine walikuwa dada zetu. Mtu aliyetaka kitabu kile kifichwe alisema anawalinda wasichana. Lakini kabla ya kitabu kile, nani alikuwa amewaandika wasichana hao katika Kiswahili, kwa urefu huo, akawafuata hatua kwa hatua hata tukaona kwamba baba mwenye fimbo naye amo katika kosa? Kezilahabi alifariki mwaka 2020. Nilisikitika kwamba sikuwahi kumwandikia barua.

Hata hivyo sipendi vijana wanaoandika siku hizi wadhani kwamba kila ukurasa lazima uwe na mtu anayetapika, ndipo uitwe wa kweli. Uchafu nao unaweza kuwa pambo.

Na hapa lugha yetu yenyewe ina mtego wake. Sifa ni jinsi kitu kilivyo: tunasema sifa za mwombaji kazi, sifa za mbao za mvule, na vitabu vya zamani vya sarufi viliita sifa yale maneno tunayoyaita leo vivumishi. Lakini sifa ni utukufu pia, na kumsifu mtu ni kumpamba. Wasifu umekaa katikati ya maana hizo mbili, na siku ya msiba sote tunavutwa upande mmoja. Nilianza kujiuliza kama inawezekana kuzishika zote mbili pamoja, kueleza mtu alivyo, na maelezo hayo hayo yakawa ndiyo heshima yake.

Inawezekana, na yuko Mswahili aliyefanya hivyo. Shaaban Robert, aliyeishi toka mwaka 1909 hadi 1962, aliandika Wasifu wa Siti Binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyefariki mwaka 1950. Siti alizaliwa kijiji cha Fumba katika unyonge. Baba alikuwa wa asili ya Kinyamwezi na mama wa asili ya Kizigua. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Aliuza vyungu. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kuimba kwenye sahani za santuri, na sauti yake ikasikika pwani yote. Washindani wake walimwimba kwa dhihaka kwamba ametoka shamba na kaniki yake. Mwandishi mwoga angesema, tuangalie hali halisi, wasomaji wanataka malkia, tuanzie Bombay. Shaaban Robert hakuuficha unyonge ule. Yeye si mhalisia kwa maana wanayoifundisha chuoni. Lugha yake imevaa kanzu na joho, na mara nyingine natamani avue moja. Lakini alijua kwamba ukiondoa vyungu, husikii tena kwa nini sauti ile ilikuwa ajabu.

Waandishi wa Biblia nao walikuwa na mfalme mmoja waliyempenda kuliko wote, wala hawakumwondoa Uria katika habari zake. Tena Mathayo alipopanga ukoo wa Bwana wetu angeweza kumtaja mama yake Sulemani kwa jina, au asimtaje kabisa kama alivyowapita akina mama wengi. Akamtaja kwa kumwita mke wa Uria. Mtu aliyeuawa ili mambo yaonekane mazuri akarudishwa katika orodha ya jamaa.

Siku zilipokaribia za kumaliza matanga nikaamua kwenda kwa mjane. Sikwenda kwa kaka wa marehemu. Njiani nilikuwa nikitunga maneno, namna ya kuanza kwa mbali, namna ya kumpunguzia uchungu. Nikamkuta uani anapepeta mchele. Nikazunguka sana, nikataja udhaifu wa wanadamu, nikataja miaka iliyopita kabla ya ndoa. Akaacha kupepeta.

"Mwalimu," akasema, "unazungumza habari za yule binti?"

Nikasema ndiyo.

"Kwani mliniona mimi ni kipofu? Ada yake ya darasa la saba aliilipa nani? Baba yake alikuwa kilabuni. Yule mtoto nimempelekea unga mimi, kwa kichwa changu, tangu hajaota meno ya pili. Siku ile nilikuwa ndani nalia, nasikia mnasoma wanne, nikasema moyoni, hawa wanaume wanahesabu nini?"

Sikuwa na la kujibu. Kaka wa marehemu na mimi tulikaa usiku mzima chini ya turubai tukiangalia hali halisi, na jambo kubwa kuliko yote katika nyumba ile hatukulijua. Tulidhani tunamhifadhi mwanamke asiyejua, kumbe yeye ndiye aliyekuwa ameibeba habari yote, pamoja na unga. Hatukumwuliza. Kutoka pale tulipokaa hadi mlango wa chumba chake hapakuwa na hatua 10.

Nikaandika upya. Watano, kwa majina na kwa kufuatana kwa kuzaliwa, yule binti akiwa wa kwanza, kwa kuwa ndiye wa kwanza. Siku ya kumaliza matanga ikasomwa hivyo. Wako waliokohoa. Mzee mmoja wa kanisa aliniuliza faraghani kama sasa tutaanza kuwatangaza wote, maana kama ni hivyo kikao kitakuwa kirefu. Nikamjibu kwamba sijui, na bado sijui. Kaka wa marehemu alitoka kabla ya chakula. Hadi leo tunasalimiana, lakini hajawahi kukaa tena benchi moja na mimi, na benchi lenyewe, kama nilivyosema, ni kazi ya ndugu yake.

Binti hakuwapo siku ile, mtoto wake alikuwa na homa. Basi Jumamosi iliyofuata nikapanda baiskeli nikampelekea nakala yake. Alinikaribisha kiti, akajifuta mikono, akaanza kusoma kwa kidole kama kawaida yake. Nikamtazama. Kidole kikapita juu ya jina lake bila kusimama, kikaendelea, kikarudi juu mwanzoni.

"Mwalimu," akasema, "hapa umekosea. Baba hakuzaliwa mwaka 1951. Alizaliwa mwaka 1949."

Nikamwambia alete kalamu.